“Ungetoa figo yako?” Jinsi ya kusoma jibu la mwanafunzi wa udaktari

Kila inapotangazwa kwamba wanafunzi wa udaktari wanasita kutoa figo wakiwa hai, habari hiyo husambaa ikiwa imeshabeba tafsiri yake: kama hata wanaosomea mwili wa binadamu wanaogopa, basi kuna jambo wanalijua na hawatuambii. Tafsiri hiyo inaumiza watu. Dada aliyekuwa tayari kumpa kaka yake figo anaisikia na kurudi nyuma. Mgonjwa anaona haya hata kumgusia mkewe.

Tafiti zenyewe hazisemi hivyo. Zimefanyika katika nchi nyingi, na picha inayojirudia ni hii: wanafunzi wengi wanakubali kwamba kutoa figo ni jambo jema, wachache zaidi wanasema wao wenyewe wangetoa, na wanaosema wangetoa huwafikiria kwanza ndugu wa karibu kuliko mtu wasiyemjua. Anayesema “ndiyo” mara nyingi ni yule anayezielewa hatari, aliyewahi kulizungumza suala hili nyumbani, na ambaye naye angekubali kupokea figo ya mtu aliye hai kama angeihitaji. Hapo hakuna siri iliyofichwa. Kuna hesabu ambazo hazijaeleweka vizuri, na mwanafunzi anazihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa na ndugu wa mgonjwa kabla ya bingwa kufika wodini.

Tuweke maneno sawa kwanza. Mtoaji hai ni mtu mzima mwenye afya anayetoa figo moja kati ya zake mbili na kuendelea na maisha yake. Huyu si sawa na mtoaji aliyefariki, ambaye viungo vyake huchukuliwa baada ya kifo kuthibitishwa. Mpokeaji ni mgonjwa ambaye figo zake zote mbili zimeshindwa kufanya kazi. Upandikizaji ni operesheni ya kumwekea figo hiyo. Kusafisha damu kwa mashine, ambako wengi hukuita dayalisisi, hakuponyi figo. Ni kazi ya kumshikilia mgonjwa, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, na mashine hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ambayo figo nzima huifanya usiku na mchana bila kupumzika.

Na tusisahau kwamba upandikizaji wa figo uliofanikiwa ulianzia kwa mtoaji hai. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick na kumwekea pacha wake wa kufanana, Richard, ambaye aliishi miaka 8 zaidi. Kwa kuwa walikuwa pacha wa yai moja, mwili wa Richard haukuiona figo ile kama kitu kigeni. Dawa za kuzuia mwili kuikataa figo ya mtu mwingine zilikuja baadaye.

Figo moja inatoshaje?

Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi, na ndani yake kuna machujio madogo takriban milioni moja. Kwa siku, figo mbili huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili tu. Ukiangalia tofauti ya lita 180 na lita 2 utaona kwamba mwili umepewa akiba kubwa kuliko mahitaji ya kila siku.

Hapa ndipo maneno mawili ya mitaani yanapogongana. Mmoja anasema figo moja hufanya kazi yote ya mbili, hakuna kinachopungua. Mwingine anasema mtoaji hubaki nusu mtu. Wote wawili wamekosea. Chukulia kwamba kabla ya kutoa, uwezo wa kuchuja ulikuwa 100. Siku figo moja inapoondolewa, uwezo unashuka hadi 50 hivi. Kisha figo iliyobaki inapokea damu nyingi zaidi, inanenepa kidogo, na ndani ya wiki na miezi inapandisha kazi yake hadi 60 au 70. Haifiki 100. Lakini 65 ya mtu mwenye afya, isiyo na protini kwenye mkojo wala presha, inamtosha kulima, kukimbia, kuzaa na kuzeeka. Ni kama chombo kilichokuwa na wapiga makasia wawili: mmoja akishuka, aliyebaki hukaza mkono na chombo kinafika, ila nafasi ya kuchezea dhoruba imepungua. Mtoaji analindwa kwa maisha yake yote kwa sababu ya nafasi hiyo iliyopungua.

Swali moja, maswali matatu

Dodoso likimuuliza mwanafunzi “je, ungetoa figo?”, limemrundikia maswali matatu. La kwanza ni kama anaona jambo hili ni jema. La pili ni kama angempa mtoto, mzazi au ndugu yake ambaye figo zimefeli. La tatu ni kama angempa mtu baki. Mtu mmoja anaweza kujibu ndiyo, ndiyo, hapana, na hakuna ukinzani wowote kati ya majibu hayo. Ukiona habari inayotaja asilimia moja tu bila kusema ni swali lipi lililoulizwa, iweke kando mpaka ujue.

Jambo la pili la kuangalia ni mwaka wa masomo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujibu kwa moyo. Wa miaka ya mbele ameshakaa wodini, na wodi humwonyesha upande mmoja. Anakutana na mgonjwa ambaye figo aliyopandikizwa imekataliwa, na mwingine ambaye dawa za kushusha kinga zimemletea maambukizi. Mtoaji hamwoni, maana aliruhusiwa siku ya tatu au ya nne na yuko kazini kwake. Kuhukumu utoaji wa figo kwa kuangalia wodi hiyo ni sawa na kuhukumu safari za barabarani ukiwa umekaa chumba cha majeruhi. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa katika mafunzo, na dawa yake ni nyepesi: kila kundi la wanafunzi likutane angalau mara moja na mtu aliyetoa figo miaka kadhaa iliyopita, wamuulize wanachotaka, wakimwona amekaa mbele yao.

Jambo la tatu ni kwamba kujua zaidi hakumfanyi kila mtu aseme ndiyo, wala hakupaswi kumfanya hivyo. Wako ambao wakishaielewa operesheni wanasema, “Kwa mwanangu sawa, kwa mtu nisiyemjua hapana.” Huo ni uamuzi uliokomaa.

Hatari: ukilinganisha na nani?

Mkanganyiko mkubwa wa suala hili uko kwenye takwimu, na hata wahadhiri huteleza hapa.

Tuanze na kifo kinachotokana na operesheni. Takwimu za Marekani za 1994 hadi 2009 zilionyesha takriban vifo 3 kwa kila watoaji 10,000 katika siku 90 baada ya operesheni. Kwa miaka ya karibuni zaidi, 2013 hadi 2022, idadi hiyo imeshuka chini ya 1 kwa 10,000. Ni hatari ndogo. Haikosekani, lakini ni ndogo.

Swali gumu ni la miaka mingi mbele: je, mtoaji mwenyewe anaweza kuja kufeli figo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia zaidi ya watoaji 96,000 nchini Marekani, ulikadiria hatari ya maisha yote kwa makundi matatu. Kati ya watoaji 10,000, takriban 90 wangefikia hatua ya figo kushindwa kabisa. Kati ya watu 10,000 wa kawaida waliochukuliwa bila kuchujwa afya zao, ni 326. Na kati ya watu 10,000 wenye afya ileile ya watoaji ambao hawakutoa, ni 14.

Zisome namba hizo tatu polepole. Anayetaka kushawishi atakuambia, “Mtoaji yuko salama kuliko mtu wa kawaida,” na atakuwa amesema kweli, kwa sababu 90 ni chini ya 326. Anayetaka kutisha atakuambia, “Kutoa figo kunaongeza hatari zaidi ya mara sita,” naye atakuwa amesema kweli, kwa sababu 14 imekuwa 90. Mtoaji hakuwa mtu wa kawaida hata mara moja. Alichujwa, akachujwa tena, mpaka wakabaki wenye afya bora. Kwa hiyo mlinganisho wa haki ni ule wa 14 na 90. Hatari imeongezeka, na baada ya kuongezeka bado haijafika mtu 1 kati ya 100. Sentensi hizo mbili zisemwe pamoja, kwa pumzi moja. Mwanafunzi anayeijua nusu moja tu atamdanganya mgonjwa bila kukusudia.

Kwa wanawake kuna jambo la kusemwa mapema, si baada ya operesheni. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 uliwalinganisha wanawake waliotoa figo na wenzao wenye afya ambao hawakutoa. Presha ya mimba, pamoja na kifafa cha mimba katika hatua zake za awali, ilionekana kwa asilimia 11 ya mimba za watoaji na asilimia 5 ya mimba za wengine. Wengi walijifungua salama. Hata hivyo, anayepanga kupata watoto anastahili kuijua namba hiyo kabla ya kusaini, na baadaye kliniki yake ya wajawazito iambiwe kwamba ana figo moja.

Njia ya mtoaji, hatua kwa hatua

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwenye figo, moyo ndio unaofungua mlango, na vipimo ndivyo vinavyoamua kama utaingia.

Huanza na kundi la damu. Wa O anaweza kumpa yeyote, wa AB anaweza kupokea kwa yeyote, wa A na B hufuata kanuni zilezile za kuongezewa damu. Alama ya chanya au hasi, ambayo wengi huihangaikia, haihusiki kwenye figo. Kisha vinakuja vipimo vya ulinganifu wa tishu, na kile kinachochanganya damu za wawili hao kuona kama mpokeaji tayari ana askari wa kinga wanaoshambulia chembe za mtoaji. Mama anaweza kuwa na askari hao dhidi ya mumewe au mtoto wake kwa sababu ya mimba alizobeba. Wengine huwapata kwa kuongezewa damu mara nyingi. Kipimo hicho kikikataa na figo ikapandikizwa hivyohivyo, inaweza kufa ndani ya saa chache, ndiyo maana hurudiwa karibu na siku ya operesheni.

Halafu mtoaji mwenyewe anapimwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Presha, sukari, uzito, moyo, mapafu, virusi vya homa ya ini na VVU, dalili za saratani, afya ya akili. Mkojo hupimwa protini na damu. Uwezo wa kuchuja hupimwa kwa umakini: miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inasema mililita 90 kwa dakika au zaidi inakubalika, kati ya 60 na 89 kila mtu ajadiliwe peke yake, chini ya 60 asitoe. Mwisho hupigwa picha ya CT kuonyesha mishipa. Wengi hukwama kwenye hatua hizi. Kisukari ambacho mtu hakujua anacho, presha iliyojificha, jiwe kwenye figo, uzito mkubwa. Kukataliwa hapo huvunja moyo, lakini mara kadhaa ndiko kulikomfanya mtu aanze matibabu mapema.

Kati ya figo mbili, madaktari humwachia mtoaji iliyo bora. Zikiwa sawa, huchukuliwa ya kushoto, kwa sababu mshipa wake wa vena ni mrefu zaidi na humrahisishia mshonaji kazi.

Operesheni yenyewe siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera, njia iliyoanza kutumika kwa watoaji hai mwaka 1995. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupata nafasi, figo hutenganishwa taratibu, mishipa hubanwa na kukatwa, kisha figo hutolewa kupitia mkato mfupi chini ya tumbo na kusafishwa papo hapo kwa maji maalumu ya baridi. Huchukua saa 2 hadi 4. Siku ya pili mtoaji hulalamika bega linauma kuliko kidonda, na wahudumu wageni hushangaa. Ni gesi iliyobaki inayosumbua kiwambo cha kupumulia, na maumivu hayo huhamia begani; akitembea yanaisha. Kwa mpokeaji, figo huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na zile zake za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Figo ya mtu hai mara nyingi huanza kutoa mkojo wakiwa bado mezani. Huwa ni furaha kubwa kwa kila aliyesimama chumbani humo.

Mtoaji hukaa hospitali siku chache, hukatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki 4 hadi 6, kisha hurejea kazini. Wa kazi za ofisini hurudi mapema, wa kazi za nguvu huhitaji muda zaidi.

Kosa linalofanyika baada ya miaka miwili

Hili tulitazame kwa karibu, kwa sababu linawahusu madaktari wapya moja kwa moja. Mwanamke wa miaka 45, kabla ya kutoa figo, kreatinini yake, yaani taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, ilikuwa 70 na makadirio ya uwezo wa kuchuja 94. Miaka miwili baadaye anakwenda kliniki kwa malaria. Kreatinini inasoma 105, makadirio yanakuja 57, na karatasi ya maabara inaandika kwamba huu ni ugonjwa sugu wa figo hatua ya tatu. Daktari kijana anamwambia figo yake inakufa. Mwanamke anarudi nyumbani akilia, na familia nzima inajuta.

Hakuna kilichokufa. 57 ni kama asilimia 60 ya 94, ndiko figo moja yenye afya inakopaswa kuwa. Daktari alipaswa kuuliza mambo matatu: namba hii imetulia tangu miezi ya kwanza baada ya operesheni, au inaendelea kushuka? Mkojo una protini? Presha ikoje? Ikiwa namba imetulia, mkojo ni safi na presha ni nzuri, huyu ni mtoaji mwenye afya. Ikishuka kila mwaka, au protini ikatokea, hapo kuna ugonjwa na atibiwe haraka. Kwa hiyo mtoaji atembee na kumbukumbu ya kreatinini yake ya baada ya operesheni, na kila mwaka apimwe presha, uzito, kreatinini na protini kwenye mkojo. Aepuke dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupunguza damu inayofika kwenye figo; parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ndiyo chaguo lake.

Maneno yanayozagaa

“Mtoaji atameza dawa maisha yote.” Anayemeza dawa za kushusha kinga maisha yote ni mpokeaji. Mtoaji hana sababu ya kuzimeza.

“Atapungukiwa nguvu za kiume, au hatazaa.” Figo haihusiki na mbegu, mayai wala tendo la ndoa. Zimekaa nyuma ya tumbo, mbali na viungo hivyo.

“Lazima awe ndugu wa damu.” Hapana. Mwaka 1995 Paul Terasaki na wenzake walionyesha kwamba figo zinazotolewa na wenzi wa ndoa hudumu vizuri hata pale tishu zisipofanana, kwa sababu figo ya mtu hai hufika ikiwa na afya na bila kusubiri kwenye barafu kwa saa nyingi. Na ndugu wa tumbo moja nao hawalingani wote: uwezekano wa kufanana kabisa tishu ni mmoja kati ya minne. Wawili wasiolingana wanaweza hata kubadilishana na jozi nyingine, wewe umpe mgonjwa wao, wao wampe wako.

“Dini zinakataza.” Baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1982, kwa masharti ya hiari na kutomdhuru mtoaji. Papa Yohane Paulo wa Pili aliusifu utoaji wa viungo kama tendo la upendo alipowahutubia wataalamu wa upandikizaji mwaka 2000. Katika hotuba hiyo Papa alipinga pia kiungo cha binadamu kugeuzwa bidhaa. Azimio la Istanbul la 2008, ambalo wataalamu wa fani hii hulifuata, nalo linalaani biashara ya viungo.

Mlango wa kutokea

Shinikizo la familia ni zito, na halionekani kwenye CT. Kijana ambaye bado hajaoa, binti anayemtegemea kaka kwa ada, mke aliyeambiwa “wewe ndiye mwenye kundi la damu linalofaa.” Hawa wanaweza kusema ndiyo mbele ya watu na hapana moyoni. Ndiyo maana mtoaji huonwa peke yake, na mtu anayesimamia maslahi yake yeye, ambaye hayumo kwenye timu inayomtibu mpokeaji. Anaelezwa kwamba anaweza kubadili mawazo wakati wowote, hata akiwa kwenye kitanda cha kupelekwa chumba cha operesheni.

Na akisema hapana, timu humtunzia siri. Familia huambiwa maneno machache tu: “Hafai kutoa.” Hawaambiwi kama ni presha, ni sukari, ni mshipa uliokaa vibaya au ni moyo wake uliokataa. Jioni, bingwa akishaondoka, shangazi atamvuta pembeni mwanafunzi wa udaktari mwenye koti jeupe na kumnong’oneza, “Mwanangu, hebu niambie ukweli, yule binti ana tatizo gani?” Jibu la mwanafunzi liwe lilelile, neno kwa neno, ambalo angelitoa kwa mtu aliyekataliwa kwa sababu yoyote nyingine: “Shikamoo shangazi. Madaktari wamempima, wameona hafai kutoa. Zaidi ya hapo ni siri yake mwenyewe.”